Nani Anamfunza Mwalimu wa Watoto Wadogo wa Kware?

Mtu wa Pwani akitajiwa kware, mawazo yake huenda moja kwa moja kwa yule ndege wa vichakani, apendaye kukimbia kuliko kuruka. Nairobi mambo ni mengine. Huko Kware ni machimbo ya mawe. Neno ni la Kiingereza, limelainishwa na ulimi wa Kiswahili, na pale palipokatwa mawe ya kujengea mji pamebaki na jina hilo hata baada ya mawe kwisha. Ziko Kware zaidi ya moja kandokando ya Nairobi, hata Ongata Rongai iko nyingine, lakini ninayoisemea mimi ni ya Embakasi Kusini, jirani ya Pipeline na Mukuru kwa Njenga, ambayo tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ni wadi yenye mwakilishi wake.

Mwezi wa Julai mwaka 2024 jina hilo lilitangaa ulimwenguni kwa habari za kutisha, maiti za wanawake zilipoopolewa kutoka katika timbo lililojaa maji na taka. Watu wengi wa mbali hawaijui Kware ila kwa hilo. Leo nataka kuizungumzia kwa jambo jingine, lisilopewa nafasi kubwa magazetini: watoto wake wa miaka miwili, mitatu na minne wanashinda wapi, na anayeshinda nao amefunzwa nini.

Kware ni nyumba za mabati upande mmoja, na upande wa pili ni ghorofa nyembamba za vyumba vya kupanga, zilizokaribiana hata jua halifiki chini. Mama wa hapo hutoka alfajiri. Huyu anakwenda kiwandani katika Eneo la Viwanda, yule anakwenda kufua nguo za watu, mwingine ana meza ya mboga njiani. Baba, akiwapo, yuko kibaruani kwenye majengo. Bibi, ambaye Lamu au Mombasa angebaki na mjukuu barazani, yuko mashambani mbali sana. Basi mtoto hupelekwa bebi kea.

Bebi kea aghalabu ni chumba cha futi 10 kwa 10, mkeka au zulia kuukuu chini, pazia mlangoni, na ndani yake watoto kumi, kumi na watano, kuanzia wa kunyonya hadi anayekaribia kwenda shule. Anayewatunza ni mama wa mtaa aliyefanya chumba chake kuwa kazi, au msichana aliyemaliza kidato cha nne akakosa la kufanya. Watoto wanamwita "ticha", wazazi wanamwita "ticha", na baada ya muda mwenyewe naye hujiona ni ticha. Ndipo ubao mweusi unapopigwa ukutani.

Ubao ukishapigwa, hauna budi kuandikwa. Mama anayelipa kwa siku, tena kwa fedha ya jasho, hataki kusikia kwamba mwanawe ameshinda akicheza. Anataka kuona daftari. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu hushikishwa penseli akaandika a, a, a mpaka mwisho wa ukurasa, naye hajui a ni nini. Asiyeweza huongozwa mkono kwa nguvu. Asiyetulia hupigwa rula ya vidole, ijapokuwa kumpiga mwanafunzi kumekatazwa Kenya tangu mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikakazia ulinzi huo. Mwisho wa mwaka huvishwa joho na kofia mfano wa mhitimu wa chuo kikuu, akapigwa picha. Mimi picha hizo sizipendi, lakini najua zimetundikwa katika nyumba nyingi, za Pwani zikiwamo, na hayo tuyaache.

Simlaumu ticha huyo. Alivyofanyiwa ndivyo afanyavyo. Seremala hukaa chini ya fundi mkuu miezi na miaka kabla ya kuachiwa mbao za watu, na dereva hapewi gari la abiria bila ya leseni. Lakini msichana hukabidhiwa watoto kumi na watano wa watu, katika miaka ambayo ubongo unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, wala hapana aliyewahi kukaa naye hata siku moja kumweleza mtoto ni kiumbe wa namna gani.

MKONO WA MIAKA MITATU

Tuanze na mkono, kwa sababu ndio unaoteswa. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto akizaliwa, mifupa hiyo haijawa mifupa bado; ni gegedu, kitu laini mfano wa ncha ya pua. Hugeuka kuwa mifupa mmoja baada ya mwingine kwa muda wa miaka mingi, na wa mwisho hungoja mpaka mtoto akaribie kubalehe. Kwa hiyo mkono wa mtoto wa miaka mitatu si mkono wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Bega hupata nguvu kwanza, kisha kiwiko, na ustadi wa vidole huja nyuma kabisa. Kufinyanga udongo, kuchezea mchanga, kupitisha shanga katika uzi, kuchambua kunde, hayo ndiyo yanayoviandaa vidole kwa kalamu. Bibi zetu waliompa mtoto ungo aondoe chuya katika mchele walikuwa wakimfunza kuandika, nao hawajui.

Sasa tuje kwenye akili. Mswisi Jean Piaget (1896-1980) alikuwa na jaribio ambalo msomaji anaweza kulifanya jikoni kwake jioni hii. Chukua bilauri mbili za namna moja, tia maji sawasawa, umwulize mtoto wa miaka minne kama yamelingana. Atakuambia yamelingana. Kisha, mbele ya macho yake, mimina maji ya bilauri moja katika chombo kirefu chembamba, umwulize tena. Aghalabu atasema ya chombo kirefu ni mengi. Mweleze, mkemee, rudia mara kumi. Pengine atakuitikia kwa kukuogopa, lakini moyoni hajabadilika. Akifika miaka saba au minane yeye mwenyewe atakucheka kwa kumwuliza swali la kipuuzi.

Tazama maana yake kwa mwalimu. Mtoto yule hakukosa kwa ujinga wala kwa ukaidi. Anahukumu kwa jicho, na jicho limeona maji yamepanda juu. Mwalimu anayelijua hilo hamwandikii hesabu ubaoni akamtaka azikariri. Humpa vizibo vya chupa avihesabu, avipange, avitie koponi na kuvimwaga, mpaka ile tano iwe kitu alichokishika mkononi kabla haijawa mchoro wa chaki.

Mrusi Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1896 akafa kijana mwaka 1934, aliangalia zaidi yule aliye karibu na mtoto. Liko lile ambalo mtoto aliweza peke yake, na liko lile aliwezalo akishikwa mkono kidogo, na kazi ya mwalimu iko baina ya hayo mawili. Chukua vifungo vya shati. Ukimfunga vyote, umemnyima. Ukimwachia vyote hali hajui, umemtesa. Mfungie cha juu, cha pili mshike vidole, cha tatu mwangalie akihangaika, usiseme neno. Ticha wa Kware ana nafasi ya kufanya hivyo mara mia kwa siku, na hahitaji hata senti moja.

WAZEE WALIKWISHA KUSEMA

Wako watakaosema hizi ni elimu za Kizungu zisizotuhusu. La. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipofika kwenye malezi katika kitabu chake cha Ihya alimwita mtoto amana iliyo mikononi mwa wazazi wake. Kisha akaelekeza kwamba akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani mtoto anayezuiwa kucheza na kulemewa na masomo kila saa moyo wake hufa na akili yake hufifia, mpaka akatafuta hila za kukimbia masomo kabisa. Mafundisho hayo yana zaidi ya miaka 900.

Ibn Khaldun wa Tunis (1332-1406) ana sehemu nzima katika Muqaddima yake juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi. Mtoto anayelelewa kwa ukali, kwa maoni yake, hujifunza uongo na hila ili ajikinge na mkono unaompiga, na mambo hayo yakageuka tabia yake ya kudumu. Mahali pengine anataka elimu itolewe kwa hatua: kwanza kwa jumla, kisha irudiwe kwa ufafanuzi, kisha irudiwe tena kwa undani. Na tena anailinganisha miji ya Kiislamu, jinsi watu wa Maghrib walivyomwanza mtoto kwa Kurani peke yake, na wa Andalusi walivyochanganya na mashairi, lugha na hati, akazipima njia hizo bila ya kuona haya, ipi imezaa nini. Kwa hakika huo ni utafiti wa elimu kabla ya kuwapo neno lenyewe.

Na juu ya wote hao, Mtume wetu (S.A.W.) alimkuta mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik, amehuzunika kwa kufiwa na kidege chake. Akamwita Abu Umair, kwa heshima ile ile waitwayo watu wazima, akamwuliza habari za kidege. Hakumwambia kwamba ndege si kitu. Ningekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ningeanza na hadithi hiyo kabla ya kumfikia Piaget.

Hata hivyo tusijisifu mno. Chuo chetu cha Kurani cha Pwani kilikuwa na jambo moja kubwa ambalo shule nyingi zimelipoteza, nalo ni kwamba kila mtoto alisoma mahali pake. Huyu yuko kwenye alifu, mwenziwe amefika Juzuu Amma, na mwalimu akimsikiliza mmoja mmoja, na wakubwa wakiwasikiliza wadogo. Hapana aliyeburutwa na wenzake wala aliyewangoja. Lakini bakora nayo ilikuwapo, na kukariri pasipo kufahamu, na mtoto wa miaka minne kukalishwa mpaka miguu ikafa ganzi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alihimiza sana Waislamu wa Pwani washike elimu ya dini na ya dunia kwa pamoja. Miaka 50 baadaye kilio kilikuwa bado ni kile kile.

NJIA YA BI SWAFIYA

Mnamo mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan wakamweleza kwamba watoto wao hawaingii shule za msingi kwa wingi, na wanaoingia wanaachwa nyuma. Kutokana na mashauri hayo likaibuka jina la mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Mwaka 1986 shule ya kwanza ya chekechea ya mpango huo ilifunguliwa Mombasa ndani ya madrasa. Zanzibar ikafuata mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye shule hizo zikapita 200 katika nchi tatu. Watoto wa dini nyingine walipokewa pia.

Mpango ulichukua mbinu za High/Scope, zilizotungwa na David Weikart na wenzake katika mji wa Ypsilanti, Marekani, miaka ya 1960, wakifanya kazi na watoto wa Kimarekani weusi wa nyumba za kimaskini. Bi Swafiya na wenziwe hawakuzimeza kama zilivyo. Hadithi zikawa za kwetu, nyimbo zikawa za Kiswahili, dua na adabu zikawa za Kiislamu. Chumba kikagawanywa pembe: ya nyumbani, ya vitabu, ya kujengea, na kadhalika. Mtoto akifika husema mwenyewe atakwenda pembe gani, huenda akafanya alilolisema, kisha hukaa na wenziwe akasimulia alichofanya. Kupanga, kutenda, kukumbuka. Hayo matatu kila siku. Na vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya pwani, magunzi ya mahindi, vizibo, maboksi na vipande vya kanga.

Ila lililonivutia mimi zaidi ni walimu. Walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wengi wao hawana vyeti vikubwa. Walipewa mafunzo mafupi wakarudi kwa watoto, kisha mkufunzi akawafuata huko huko. Alikaa pembeni akatazama, na watoto walipokwenda zao wakazungumza naye: kwa nini yule alilia, kwa nini pembe ya vitabu haina mtu, kwa nini swali lile ulilijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Wiki nyingine akarudi, na nyingine tena. Mwalimu alijifunza kwa njia ile ile aliyotakiwa kuwafunzia watoto, yaani kwa kutenda na kulitafakari alilolitenda. Vyuo vingi, hata vyenye majengo makubwa, humweleza mwalimu kwa hotuba ya saa mbili kwamba hotuba si njia ya kufundishia.

Matokeo yalipimwa. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, ulifuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliopita chekechea yoyote waliwashinda kiakili waliobaki nyumbani, na wa shule za madrasa hizi wakapiga hatua kubwa kuliko wa chekechea nyingine.

TURUDI KWARE

Serikali ya Kenya nayo haikulala. Mwaka 1984 ilianzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kikafuatwa na vituo vya wilaya, na walimu wengi wakafunzwa wakati wa likizo huku wakiendelea na kazi. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka chekechea na vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, umeweka miaka miwili ya chekechea, PP1 na PP2, na unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Kwenye karatasi Piaget amekwisha kushinda.

Ticha wa bebi kea hayumo katika karatasi hiyo. Watoto wake wengi hawajafika miaka minne. Chumba chake hakijaandikishwa kuwa shule. Diploma ya ualimu wa wadogo inataka alama nzuri za kidato cha nne, na karo, na muda, naye akifunga mlango wiki moja wateja wamehamia kwa jirani. Kumfungia kwa nguvu ya sheria ni rahisi, lakini watoto wale kesho yake asubuhi watakuwa wapi? Shirika la Kidogo, lililoanzia Kibera, limeiona hali hiyo, likaamua kuwafunza akina mama wenye vituo vyao na kuwatembelea badala ya kushindana nao. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya Bi Swafiya kwa jina jingine.

Ningepewa siku chache na ticha wa Kware, siku ya kwanza nisingemfunza kitu. Ningemwambia amchague mtoto mmoja, amtazame nusu saa bila ya kumsemesha, aniandikie alichoona. Atashangaa mwenyewe. Yule aliyemwita mtundu amejaribu njia nne za kufungua kopo. Yule aliyemwita mtulivu hajasemeshwa na mtu tangu asubuhi. Huyu mtulivu ndiye wa kuhofiwa zaidi, maana katika chumba chenye watoto kumi na watano anayelia huchukuliwa, na asiyelia husahauliwa.

Jambo la pili lingekuwa lugha. Nyumba za Kware zina Kikamba, Kiluhya, Kiluo, Kikisii na nyingine, na ujiani ni Kiswahili na Sheng. Mama anatamani Kiingereza, kwani anaona ndicho kinachofungua milango. Lakini mtoto huijenga akili yake kwa lugha anayoielewa, na katika chumba chenye makabila sita Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Msemeshe unapomwosha, msemeshe unapomlisha uji, hata huyo wa miezi minane asiyejibu. Vitendawili, hadithi, nyimbo za kubembeleza na za kuchezea tunazo tele, na Mpwani anayeishi Nairobi ana hazina ya kuwagawia majirani hapo, kama anataka.

La tatu ndilo gumu, nalo ni mama. Ticha akiacha kujaza madaftari, mama atauliza fedha yake imekwenda wapi. Kwa hiyo sehemu ya kumfunza mwalimu ni kumfunza kuzungumza na mzazi mlangoni jioni, mama amechoka, mtoto mgongoni, giza linaingia. Aseme jambo moja alilolifanya mtoto siku ile: leo amepanga vizibo vyekundu mbali na vya buluu, tena bila ya kuambiwa. Mama aliyesikia hivyo siku ishirini atafahamu zaidi kuliko aliyeitwa mkutanoni mara moja.

Na mahali? Mitaa ya Eastlands ina misikiti na madrasa, nazo nyingi husomesha jioni na mwisho wa wiki. Asubuhi za siku za kazi vyumba vyake vimefungwa kufuli, mikeka imekunjwa, huku mita chache kando yake watoto wamebanana chini ya mabati yanayochoma. Kamati za misikiti hiyo zingeweza kuwafungulia maticha wa mtaa, wa dini yoyote, wakutane hapo asubuhi moja ya Jumamosi kila mwezi kutengeneza vifaa na kuulizana. Mkufunzi mmoja angewazungukia baadaye, chumba hata chumba. Kwa jinsi Kware ilivyosongamana, angeweza kufika vyumba kumi kwa wiki kwa miguu. Nauli haitakiwi, unaotakiwa ni mshahara wake.